Nguvu za Mama Mchungaji

Katika wodi yangu ya wazazi hakuna mgonjwa. Pita kitanda baada ya kitanda ukaulize, utaambiwa hivyo hivyo. Kuna mwanamke amelala na joto la kukaangia yai, ukimuuliza habari anakujibu, "Nina nguvu, Matroni." Mwingine anatapika tangu alfajiri, naye ana nguvu. Hapa kwetu Ekiti, nchi ya Wayoruba, tangu makanisa ya maombi yaanze kujaa kila kona, neno kuumwa limefukuzwa mdomoni. Watu wanafundishwa kwamba mdomo unaumba, na ukisema unaumwa umejiitia ugonjwa mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiugua husema ana nguvu, jirani yake anaelewa, naye anakwenda kumtazama na bakuli la supu ya pilipili.

Sisi tuliozaliwa hapa tuna vipimo vyetu. Mtu "ana nguvu" tu, hayo ni mafua. "Ana nguvu sana," hiyo ni malaria. Akiwa na "nguvu za ajabu," mimi siendi kumwona kwa kutembea, nakimbia na machela. Mimi ni Mwanglikana wa zamani, wa kuimba taratibu na kurudi nyumbani kula, na mambo haya yananipandisha presha. Nikiulizwa na majirani kuhusu hiyo presha, najibu nina nguvu. Sitaki kuwekewa mikono kichwani na mtaa mzima nikiwa nimefunga kilemba kipya.

Dokta Nanle hakuyajua haya. Alitujia kutoka Jos, kule juu kwenye baridi, kijana mrefu, mpole, mtoto wa mwinjilisti wa kijijini. Kwao, alinieleza, mtu akiumwa anasema anaumwa, kanisa linamwombea, kisha linampeleka hospitali. Nikamwambia kwao kuna raha. Naye alikuwa mtu wa imani kwelikweli. Nilimwona mara nyingi akisimama kidogo mlangoni mwa chumba cha upasuaji kabla ya kunawa, midomo ikicheza bila sauti. Lakini mbele ya mgonjwa hakuomba. Kwake maombi yalikuwa ya chumbani na dawa za wodini, na kazi ya daktari ni kuuliza na kusikiliza anachojibiwa. Kiyoruba chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, kwa hiyo aliwauliza kwa Kiingereza, na walichomjibu alikiamini chote. Hapo ndipo tulipokaribia kumpoteza mtu.

Asubuhi hiyo aliingia ofisini kwangu akitabasamu, nami nimeshika kikombe cha chai.

"Matroni, Mama Mchungaji anaweza kwenda nyumbani. Kidonda kimekauka, homa hana, mtoto ananyonya vizuri."

Mama Mchungaji ni Mojirola, mke wa Mchungaji Gbadebo Falegan mwenye lile kanisa kubwa kule Ibadan. Alikuja kujifungulia kwetu kwa sababu mama yake ni mtu wa mji huu. Alikuwa amekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, mpaka watu wakaanza kumtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Sasa alikuwa na binti, tena binti mwenye sauti ya tarumbeta, na kesho yake ilikuwa siku ya kumpa jina. Hema lilikuwa limeshasimamishwa Ibadan, ng'ombe ameshafungwa kamba. Mchungaji alikuwa nje akipakia gari tangu kulipopambazuka.

"Umemuuliza vizuri?" nikamwambia.

"Vizuri kabisa. Mapigo ya moyo yako juu kidogo, lakini nani asingedunda moyo kwa furaha ile? Nikamuuliza kifua, akasema kina nguvu. Nikamuuliza miguu." Akacheka. "Amesema wa kulia ni mzima, ila wa kushoto una nguvu za ajabu."

Chai ikanipalia. Nilikohoa mpaka akaja kunipiga mgongoni.

"Dokta, rudia. Wa kushoto una nini?"

"Nguvu za ajabu. Nimeandika hivyo hivyo. Mguu wa kushoto, imara sana."

"Mwanangu," nikasema nikifuta kidevu, "keti hapo nikufundishe lugha."

Nikamweleza kwa kifupi, vipimo vyote, kuanzia mafua hadi machela. Mwanzoni alidhani namtania. Kisha nikaona tabasamu linamtoka, na nyuma yake ikabaki sura ya daktari. Aliunganisha mwenyewe: mwanamke aliyepasuliwa siku chache zilizopita, mapigo juu, kifua, mguu mmoja wa kushoto.

"Damu imeganda kwenye mshipa wa mguu," akasema polepole. "Na kama kifua nacho kinauma, huenda vipande vimeanza kukatika na kupanda mapafuni. Matroni, nilitaka kumkalisha garini mchana kutwa, amekunja miguu, mpaka Ibadan. Kikikatika kipande kikubwa njiani..."

"Usimalize," nikamwambia. "Twende."

Tulimkuta ameketi pembeni mwa kitanda, amevaa lesi ya buluu inayofagia sakafu, kilemba kimesimama, mtoto amefungwa vizuri pembeni yake. Nilipoangalia kwa jicho la kutafuta, niliona kilichokuwa wazi tangu mwanzo. Alikuwa anahema juu juu, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi, na hakuwa amepanda chochote. Nilijilaumu, lakini hapakuwa na wakati wa kujilaumu vizuri.

"Mama, naomba niuangalie mguu wako," Dokta akasema.

"Wa nini? Una nguvu."

"Una maumivu, Mama?"

Mama Mchungaji akazungusha mkono juu ya kichwa na kualisha vidole, mara moja, mara ya pili. "Nakataa! Neno hilo silipokei. Lirudi lilikotoka!"

"Mama, sikulaani, nauliza tu. Kama mguu unauma au umevimba, ni lazima nijue. Ukiondoka hivi unaweza ku..."

"Dokta!" Akaziba masikio kwa viganja. "Unanitamkia kifo mbele ya mtoto wangu? Matroni, mwambie atoke. Niitieni mume wangu, mimi naondoka."

Akavuta lesi ikafunika hata vidole vya miguu. Mgonjwa mwenye akili zake akikataa kuguswa, hatumgusi, na hiyo ni sheria yetu hata kama ametuudhi namna gani. Dokta Nanle akasimama mikono ikining'inia, jasho linamtoka na asubuhi bado ina ubaridi. Alikuwa na dawa ya kumponya kabatini, hatua chache kutoka pale, na hakuwa na ruhusa ya kuinua nguo.

Nami hasira zilikuwa zimenifika hapa. Nilishafungua mdomo nimpe vipande vyake, nimuulize kama Mungu anayemwogopa ni Mungu wa kusikiliza pembeni kama jirani mmbeya. Kisha nikamwona mkono. Alikuwa ameshika kona ya nguo ya mtoto, kwa vidole viwili tu, kama mtu atakayenyang'anywa. Huyu hakuwa na kiburi. Alikuwa na hofu.

Nikaketi kando yake kitandani. "Mojirola, mwanangu. Unaogopa nini?"

Akamfunika mtoto vizuri. Halafu akasema kwa Kiyoruba, kwa sauti ndogo sana, "Matroni, wewe ulikuwepo siku ile ya uchungu. Ulinisikia."

"Nilisikia nini? Wanawake wanasema mengi mle ndani. Kuna aliyewahi kunitukania marehemu mama yangu."

"Nilisema nakufa."

"Wote husema."

"Mimi sikupaswa." Machozi yakaanza. "Kanisa zima lilitamka kwamba nitajifungua kama wanawake wa Kiebrania, upesi, kabla mkunga hajafika. Walifunga, waliomba. Halafu mimi kwa mdomo wangu nikasema nakufa, na haikupita saa mkanipasua. Mdomo wangu ndio ulioharibu. Sasa nikiufungua tena, Matroni, safari hii nitampoteza nani?"

Akamtazama mtoto, na mimi nikamtazama mtoto. Nimesikia mahubiri mengi ya ovyo katika maisha yangu, mengine nimelala humo humo, lakini sikuwahi kuona mtu amefungiwa ndani ya mdomo wake mwenyewe namna ile. Iliniuma. Ningemwambia nini? Kwamba mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni na tungempasua hata angekaa kimya kama jiwe? Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za nchi nyingine.

Nje honi ikalia. Mchungaji amemaliza kupakia.

"Basi," nikasema, "kwetu hapa hakuna anayeondoka bila kuombewa. Hilo hukatai?"

"Hapana, hilo sikatai."

Dokta akanitazama kwa macho ya kuniuliza kama nimemkatia tamaa mgonjwa wake. Nikamfanyia ishara afumbe macho. Sikuwa na mpango wowote, msije mkadhani nilikuwa na akili kuliko kawaida. Nilitaka tu kupata muda.

Nikaanza sala yangu ya kila siku, ya mgonjwa anayekwenda nyumbani. Nilipofika mahali pa kusema "Asante kwa kumponya," ulimi ukagoma. Nilijua ni uongo, nami nilikuwa nausema mbele za Mungu. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema:

"Baba, huyu mtoto wako ana neno lake kwako. Sisi si kitu, tumesimama tu hapa. Mojirola, mwambie mwenyewe. Yeye hashtuki, na hakuna neno lako litakaloziba njia yake."

Mojirola akaanza kwa ile lugha ya kanisani kwao, kushinda na kukanyaga, maneno yanatoka yakiwa yamepangwa. Nikamwacha. Kidogo kidogo yakaanza kumwishia. Sauti ikapasuka.

"Baba," akasema kwa Kiyoruba cha nyumbani, kile cha kuongea na mzazi, "Baba, mguu huu."

Kanisani kwao mahubiri hutafsiriwa neno kwa neno, mhubiri anasema na mkalimani anadaka. Basi nami nikadaka, kwa Kiingereza, kwa sauti ya sala: "Father, mguu huu wa kushoto."

"Unanichoma, Baba. Shavu la mguu limekuwa gumu kama mti."

"Shavu la mguu, ee Bwana, limekaza na linachoma!"

Nikafungua jicho moja. Dokta Nanle alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima zote, kalamu mkononi, anaandika kwenye kiganja chake. Akanisogelea sikioni akanong'ona, "Tangu lini?"

"Baba," nikaomba, "wewe unayejua yote, unajua maumivu haya yalianza lini."

"Unajua, Baba," Mojirola akalia, "ni tangu juzi, nilipoamka kwenda kuoga. Nikasema yatapita."

"Tangu juzi, Bwana!"

"Kifua," Dokta akanong'ona. "Akivuta pumzi?"

"Baba, wewe ndiwe uliyetupa pumzi. Unajua inavyoingia kwake, unajua inavyotoka."

"Haiingii vizuri, Baba wangu. Nikivuta kwa nguvu kuna kisu hapa ubavuni. Usiku sikulala, nilikaa nikihesabu pumzi za mtoto na zangu. Baba, naogopa. Nimechoka kuwa na nguvu. Usiniache nife, bado hata jina sijampa."

Hilo sikulitafsiri. Nilishindwa. Nikasikia nyuma yangu Dokta akivuta kamasi. Kisha, kijana ambaye hajawahi kuomba kwa sauti mbele ya mgonjwa, akafungua mdomo. Hakuwa ameelewa maneno yale, lakini nadhani kilio alikielewa.

"Bwana," akasema, "mimi nimeuliza na sikusikia. Nisamehe. Huyu mama usimwache, nami usiniache nikikosea tena. Nipe mikono inayofaa. Amina."

"Amina," Mojirola akasema.

"Amina," nikasema mimi, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Akafungua macho, akajipangusa kwa ncha ya kilemba. Akatutazama mmoja mmoja, na ukali wake wa kitajiri ukarudi kidogo. "Sijakiri kitu," akasema.

"Hata neno moja," nikamjibu. "Ulikuwa unaongea na Baba yako."

Kisha, bila kuombwa na mtu, akashika lesi ya buluu na kuipandisha hadi gotini.

Mguu ule ulikuwa mnene kuliko mwenzake, umekaza, unang'aa, na una joto ambalo ungelihisi kabla ya kugusa. Dokta alipiga magoti sakafuni kuupima, taratibu kama anayeshika kitu cha mtu. Hakusema lolote la kutisha. Alisema tu, "Asante, Mama. Hii dawa yake tunayo."

Mengine yalikwenda mbio. Ultrasaundi ilionyesha damu iliyoganda, ndefu, imelala ndani ya mshipa. Tulimrudisha kitandani, tukamwekea oksijeni, Dokta akamchoma mwenyewe sindano ya kwanza ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Nilimvua kilemba, nikamvisha gauni la wodi, akawa msichana tu mwenye nywele zilizosukwa vibaya. Akalala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Nilipoona hivyo, niliketi juu ya ndoo ya kufulia. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Jamani, tulikuwa tumemshika kwenye ncha ya kucha.

Dokta Nanle alinikuta hapo hapo kwenye ndoo. "Matroni," akasema, "tulimdanganya?"

"Wewe uliomba au uliigiza?"

Akafikiri. "Niliomba. Nilikuwa naogopa sana."

"Basi. Na kalamu je, ilikuzuia kuomba?"

"Hapana." Akatazama kiganja chake kilichojaa wino. "Ilinisaidia."

Sasa ikabaki kazi ya mume. Nilikwenda kwa Mojirola alipoamka nikamuuliza kama naweza kumweleza Mchungaji. Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Nikatoka uwanjani. Mchungaji Gbadebo alikuwa kando ya gari, suti ya kijivu, buti la gari limejaa makasha ya plastiki ya chakula na magunia ya viazi vikuu. Ni mtu mkubwa, mwenye sauti ambayo hata akikusalimia unahisi umehubiriwa.

"Matroni! Mama wa mataifa! Mbona mnachelewesha baraka?"

"Baba Mchungaji, mkeo haendi Ibadan leo. Wala kesho." Nikamweleza yote, bila kupaka asali.

Uso wake ukafunga. "Mke wangu hawezi kuwa amekiri ugonjwa. Namjua."

"Hajakiri kwetu. Alikuwa anaomba. Sisi tulikuwa tumefumba macho tu."

"Na daktari?"

"Dokta alifumba jicho moja."

Hakucheka. Dokta Nanle alikuwa ameshafika, na Mchungaji akamgeukia. "Kijana, niambie ukweli. Tungeondoka, angefika?"

Nilidhani atamung'unya maneno. Hakumung'unya. "Labda angefika, Baba. Na labda mngefika ninyi wawili tu, wewe na mtoto."

Mchungaji akatafuta mahali pa kukaa akakosa, akakalia kasha la chakula, suti na yote. Kifuniko kikalia kwa uzito wake. Alivitazama viatu vyake. Aliposema, ile sauti ya kuhubiri haikuwepo. "Juzi nilimwona anachechemea," akasema. "Nilimwona. Nikamuuliza, akaniambia ana nguvu. Nikasema amina, nikaenda kukagua hema."

Akalia, mbele ya dereva wake na mimi. Nami nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu asubuhi, maneno mazuri yenye ncha, nikayameza yote. Nilimpa leso yangu. Sikumpenda, lakini nilimwonea huruma, na mpaka leo sijaweza kumpenda vizuri ila naendelea kujaribu.

Siku ya jina ilifanyika kwetu, kwenye uwanja wa hospitali, kati ya kamba za kuanikia mashuka na jengo la maabara. Watu wa Ibadan walikuja na magari yao, na lesi zao za buluu za sare, na ngoma ambayo niliikataza wakaipiga hivyo hivyo. Ng'ombe alibaki Ibadan, nasikia alishukuru. Walileta asali, chumvi na maji ya kumwonjesha mtoto. Dokta alikubali mama atoke kwa muda mfupi tu, kwa kiti cha magurudumu, mguu umeinuliwa juu ya mto. Mtoto akapewa majina mengi kama ilivyo kwetu, la babu, la bibi, la kanisa. Mama yake akaongeza moja, Gbadura, maana yake omba. Alipolitaja alinitazama mimi, nikajifanya nimeingiwa na vumbi jichoni.

Kisha mkuu wa akina mama wa kanisa lao, bibi mmoja mnene mwenye miwani, akasimama mbele ya kiti cha magurudumu akafungua mikono. "Mama wetu! Waambie watu. U hali gani?"

Umati ukavuta pumzi tayari kuitikia. Walijua jibu, walikuwa wameshafungua midomo kulipigia amina. Mojirola akamtazama mumewe. Akautazama ule mguu juu ya mto. Mkono wake ukamtafuta mtoto ukamshika, mkono mzima safari hii.

"Naumwa," akasema.

Ngoma ikanyamaza. Hata mtoto alinyamaza.

"Naumwa mguu, na kifua kinauma kidogo. Ninapata dawa. Na Mungu yupo nami, hajaondoka." Akangoja, kama mtu aliyetupa jiwe kisimani anasubiri lifike chini. Hakuna kilichotokea. Mashuka yalipepea. Binti yake akapiga chafya.

Wa kwanza kuvunja kimya alikuwa yule bibi wa miwani. Alijikuna shingo, akatazama kulia na kushoto. "Kwani," akasema kwa sauti ya chini, "hata mimi hili goti."

"Goti gani?" mwenzake akauliza.

"Hili. Mwaka wa pili sasa lina nguvu. Nimechoka nalo."

Mtu akacheka. Mwingine akasema mgongo. Mzee mmoja akasema macho, hayaoni vizuri tangu msimu wa mvua, na mkewe akamkemea, "Ndiyo maana juzi ulimsalimia mbuzi!" Kicheko kikalipuka uwanja mzima, kile kicheko cha watu walioambiwa wanaweza kulegeza mikanda, na huku wakicheka waliendelea kutaja, tumbo, meno, sukari, moyo kwenda mbio. Nesi wangu mmoja alinitazama kwa hofu maana aliona kazi inakuja. Mimi nilicheka mpaka kilemba kikadondoka, na nilipokuwa naokota nikasema, kwa yeyote aliyesikia, kwamba nina presha na vidonge sivimezi kwa wakati. Hakuna aliyeniwekea mikono.

Dokta Nanle alikuwa pembeni, sahani ya viazi vikuu vya kutwanga mkononi, anajaribu kula kwa vidole bila kuchafua koti. Mchungaji Gbadebo akamwendea. Alisimama karibu naye, akageuzia watu mgongo, mkono wake mkubwa umeingia ndani ya suti, upande wa moyo. Mimi nilikuwa nyuma yao na masikio yangu ni mazima.

"Dokta," akasema polepole, "hebu tuombe kidogo."

Dokta Nanle akaweka sahani chini. Akainamisha kichwa, akatoa kalamu, akafungua kiganja.